Barua kwa mwanangu: kemo ya khalati yako ipunguzwe au isubiriwe?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni sawa daktari ampunguzie khalati yako dozi ya kemo, yaani dawa za saratani yake ya matiti, maana amerudishwa nyumbani mara mbili bila kutundikiwa dawa kwa kuwa "damu iko chini". Unahofia kupunguziwa ni kukatiwa tamaa. Sivyo.

Kwanza isome karatasi ya maabara. Himoglobini, chembe sahani (zinazogandisha damu) na chembe nyeupe ni vitu vitatu tofauti, na kinachozuia kemo mara nyingi ni nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Chembe nyeupe zikiwa 2.4 (namba zote hizi ni bilioni kwa lita ya damu) na nyutrofili ni asilimia 40 yake, basi ana 0.96. Vituo vingi hutaka 1.5, vingine huridhika na 1.0; chembe sahani zifike 100. Juisi ya bitiruti mpe kama anaipenda, lakini nyutrofili haizipandishi.

Sasa piga hesabu. Kemo yake, ile dawa nyekundu (doksorubisini) pamoja na saiklofosfamaidi, hutolewa kila siku 21. Ikisogezwa wiki moja, dozi ya siku 21 imetumika kwa siku 28, yaani asilimia 75 tu ya mwendo uliopangwa. Akipunguziwa asilimia 20 lakini akapewa siku yake, amepata asilimia 80. Dozi hupimwa kwa eneo la mwili: kwa mwili wa mita za mraba 1.6, doksorubisini hushuka kutoka miligramu 96 hadi 77 hivi. Kuahirisha nako ni kupunguza, ila hakuna anayeandika hivyo kwenye faili.

Hata hivyo, saratani ya matiti inayotibiwa kwa nia ya kupona, mimi singeanza na kupunguza. Daktari Bonadonna na wenzake wa Milano, Italia, walichapisha mwaka 1995 matokeo ya miaka 20: waliopata angalau asilimia 85 ya dozi ya kemo iliyopangwa ndio waliofaidika zaidi. Kwa hiyo muulize daktari kwanza kuhusu sindano ya filgrastimu, inayopandisha nyutrofili. Ugonjwa ukiwa umeshasambaa na lengo ni nafuu, hapo kupunguza mapema ni busara.

Filgrastimu ni mikrogramu 5 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 huchomwa 300 kwa siku. Huanza saa 24 hadi 72 baada ya kemo, kamwe si siku ileile, kwa sababu chembe changa zinazoamshwa ndizo kemo huziua. Akiacha baada ya sindano mbili tatu kwa kuwa namba zimepanda, zitashuka tena. Mifupa itamuuma kiunoni na mgongoni; ni kawaida. Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mkiinunua kemisti ya mjini na kuvuka feri ya Likoni, ibebeni kwenye kasha la baridi, na barafu isigusane na sindano.

Jambo linalosahaulika: Waafrika wengi wana nyutrofili chache tangu kuzaliwa, wakiwa wazima kabisa, kwa sababu ya aina ya damu iitwayo Duffy hasi. Kama kabla ya ugonjwa alikuwa na 1.4, kumngoja afike 1.5 ni kungoja namba ambayo mwili wake hauna. Na kama anatumia Septrin, daktari ajue. Nayo hushusha chembe nyeupe.

Akipata homa ya 38.3, au 38 ikidumu saa nzima, mpelekeni hospitali papo hapo, hata usiku. Antibiotiki ya mshipani inatakiwa ndani ya saa moja tangu afike. Msimpe Panadol kabla ya kumpima joto, wala msikae kungoja majibu ya malaria.

Tafuta vipimo vyake vya damu vya kabla ya kemo, hata vya kliniki ya presha. Vipige picha unitumie, kisha uviweke juu kabisa ndani ya faili lake kabla ya kliniki ijayo.

Mamako