Kusafiri katika wakati: je, ni fizikia au porojo za runinga?

SWALI: Hapa Kondele tunafuatilia tamthilia ambazo mtu huingia kwenye mashine, akabonyeza kitufe na kujikuta karne iliyopita. Mwalimu wetu wa fizikia anasema kuna ukweli ndani yake. Nyinyi wapima ardhi mnashinda na vifaa vya setilaiti. Ukweli ni upi? (Mwanafunzi, Kisumu)

JIBU: Mwalimu wako hajakosea, ila ukweli huo unaelekea upande ambao watunzi hawaushabikii sana: mbele. Kuwatangulia wenzako katika wakati kumepimwa kwa saa, na sisi tunaotafuta bikoni (alama za mipaka) za mashamba tunakutegemea kila siku.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba saa iliyo mwendoni huchelewa ikilinganishwa na iliyotulia. Mwaka 1915 akaja na nadharia ya mvutano, nayo inasema saa iliyo karibu zaidi na dunia huchelewa pia. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru 1,850. Basi saa yangu hapa Nakuru huipita yako kwa karibu mikrosekunde mbili na nusu kila mwaka. Mikrosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni, kwa hiyo usianze kuniamkia kwa sababu hiyo.

Kwenye GPS, mfumo wa setilaiti unaotuonyesha mahali tulipo, ndiko mambo yanakuwa mazito. Setilaiti zake huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, zikienda karibu kilomita 3.9 kwa sekunde. Kasi hiyo huchelewesha saa zake mikrosekunde 7 kwa siku, lakini kwa kuwa mvutano kule ni hafifu, zinaharakishwa 45. Zinabaki 38 mbele. Ni kidogo? Kwa muda huo mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11, na kipokezi changu hupima umbali kwa kuhesabu muda ambao mawimbi yametumia njiani. Nikikisimamisha juu ya bikoni huko Njoro, majirani wawili wamekunja mikono wakingoja kujua mpaka umepita wapi, sina nafasi ya kukosea hata mita moja. Ndiyo maana saa hizo hupunguzwa mwendo kabla ya kurushwa: badala ya megahezi 10.23, yaani mapigo milioni 10.23 kwa sekunde, huwekwa 10.22999999543. Tarakimu hizo zinanisisimua kuliko tamthilia yoyote.

Binadamu naye amesafiri hivyo. Mwanaanga Sergei Krikalev alikaa angani jumla ya siku 803, akawa mdogo kwa takriban sehemu moja ya hamsini ya sekunde kuliko angebaki nyumbani.

Kurudi nyuma ni kesi nyingine. Mwaka 1988 mwanafizikia Kip Thorne na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba njia ya mkato katika anga ingeweza kugeuzwa mashine ya wakati, lakini ili isijifunge inahitaji nishati hasi (iliyo chini ya sifuri) kwa wingi, na hakuna aliyewahi kuipata kwa kiasi hicho. Mwanafizikia Stephen Hawking alilifanyia mzaha suala hilo: mwaka 2009 aliandaa karamu ya wasafiri wa wakati, akatoa mialiko baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu.

Kwa hiyo mkiwasha runinga, mhusika akisafiri mwaka mmoja wa saa yake mwenyewe, kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga, akarudi Kondele na kukuta mdogo wake amemzidi umri kwa miaka mingi, hiyo ni fizikia. Huku itakuwa imepita miaka 10. Akienda kuvuruga harusi ya babu yake, hapo mtunzi amejiandikia sheria zake.