"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea?

Ndugu, umeuliza kwa nini "Borrow me your pen" ilikatwa kwenye mtihani. Chanzo ni kitenzi chetu "kuazima". Tunasema "nimeazima kitabu kwa Asha" na pia "niazime kitabu", yaani neno moja linabeba pande zote mbili. Kiingereza kimezigawa: "borrow" ni ya anayepokea, "lend" ya anayetoa. Ukisita, jaribu kwa pesa, maana hapo Kiswahili chetu kinatenganisha vizuri sana: penye kukopa weka "borrow", penye kukopesha weka "lend".

Sarufi ndiyo inayowaangusha wengi. "Borrow" hufuatwa na kitu, kisha mwenye kitu huja baada ya "from": "I borrowed a pen from Juma." Usimweke mtu mara tu baada yake, ndilo kosa lako. "Lend" inakubali yote mawili, "Lend me your pen" na "Lend your pen to me". Wakati uliopita ni "lent", kamwe si "lended". Ukitaka adabu zaidi, sema "Could I borrow your pen?"

"Loan" ni nomino, mkopo. Wamarekani huitumia pia kama kitenzi, lakini kwenye mtihani baki na "lend".