Kabla hujanunua albamu ya sarafu

Zilikuwa sarafu kumi na nane za madini ya fedha. Nilizipanga mwenyewe kwenye albamu ya plastiki laini, nikaifunga, nikaiweka juu ya kabati nikiwa na amani kabisa. Nilipoifungua baada ya miaka mitatu, kurasa zilikuwa zimeshikana. Nikavuta sarafu moja, ikabanduka kama plasta kwenye kidonda, na upande wa sura ulikuwa na utando wa kijani unaonata, umejazana kwenye herufi na shingoni mwa mfalme. Nilidhani ni ukungu. Kumbe ni albamu yenyewe.

Wewe unayeanza, shika hilo kwanza. Sarafu inaweza kukaa ardhini miaka mia ikatoka inasomeka, halafu ukaiua nyumbani kwa kuinunulia kava lisilofaa. Albamu yangu ilikuwa ya plastiki ya PVC. Kwa asili yake PVC ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya maji. Ili ikunjike kama ukurasa, kiwandani huichanganya na vilainishi vyenye asili ya mafuta. Miaka ikipita, vilainishi hivyo huvujia nje, na plastiki inapochakaa hutoa tindikali yenye klorini. Tindikali hiyo hupenda shaba, na sarafu nyingi za fedha zimechanganywa na shaba ili ziwe ngumu. Kijani kile kinatoka hapo.

Utaitambuaje dukani? Inuse. Ikinukia kama pazia jipya la bafuni, irudishe. Ikunje: PVC laini hujikunja kimyakimya, wakati kava la Mylar, aina ya plastiki ya poliesta isiyodhuru sarafu, hupiga kelele kama karatasi ya biskuti. Plastiki za polietilini na polipropilini nazo ni salama. Kama una kava usilojua asili yake, pasha waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, uguse kava hilo, kisha urudishe waya motoni. Ndimi za kijani maana yake kuna klorini. Fanya hivyo nje, moshi wake si wa kuvuta, na sarafu ziwe mbali.

Zile zangu niliziokoa kwa asetoni. Namaanisha asetoni tupu, si dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo mara nyingi ina mafuta na manukato. Iweke kwenye bakuli la glasi, kwa sababu huyeyusha baadhi ya plastiki, dirisha likiwa wazi na moto usiwepo karibu. Loweka, mwaga, weka nyingine safi, loweka tena. Itoe sarafu kwa kushika ukingo, iache ikauke yenyewe. Usisugue hata kidogo. Asetoni haili metali, inaondoa uchafu tu, kwa hiyo palipokwisha kuliwa hapajazwi. Kumi na mbili zilipona. Sita zina vidonda mpaka leo.

Adui wa pili ni kidole chako. Chukua sarafu ya shaba ambayo bado ina wekundu wa kiwandani, ibonyeze kwa dole gumba, uifiche. Wiki kadhaa baadaye jasho litakuwa limekuchorea alama ya kidole ya kahawia, mistari yote inahesabika, na haitoki. Shika ukingo tu, juu ya kitambaa laini, ili ikiponyoka isianguke kwenye meza tupu. Na usiongee ukiwa umeinamia sarafu. Chembe za mate zinaweza kuzaa vidoa vyeusi vidogo ambavyo watu huvishangaa baadaye. (Wenzangu hunicheka, eti nikifungua kisanduku nakuwa bubu.) Glavu za pamba sizipendi, zinateleza. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha, au glavu nyembamba za nitrili zisizo na unga.

Kusafisha sasa. Utaambiwa dawa ya meno, majivu, limau, soda ya kuokea. Kataa vyote. Mng'aro wa sarafu mpya hauko kama rangi iliyopakwa juu. Ni vijistari vidogo mno vilivyojitengeneza metali ilipobanwa na muhuri, na ndivyo vinavyoichezesha nuru unapoizungusha sarafu. Ukisugua unavifuta, unabaki na ng'aro la sufuria, na mnunuzi mzoefu hulitambua kwa lenzi papo hapo. Hata dawa za kuchovya zinazouzwa kwa wakusanyaji huondoka na sehemu ya uso wa metali kila unapozitumia. Weusi wa fedha ni salfa iliyokamata uso, na ukiwa umetanda sawasawa, wenye bluu na dhahabu kwa mbali, wapo wanaoulipia zaidi.

Salfa hiyo hutoka wapi? Kwenye mipira ya kufungia noti, sufu, baadhi ya rangi za ukutani, bahasha na makasha ya karatasi hafifu. Mbao nazo si za kuaminiwa zote: mwaloni hutoa mvuke wa tindikali, unaoila risasi hasa. Ukitumia vile vikadi vya karatasi vinavyobanwa kwa pini za stepla, zilaze pini kwa koleo ili zisikwaruze sarafu ya jirani, na ukitaka kuitoa sarafu, ng'oa pini zote kwanza. Nimeona mkwaruzo mrefu usoni mwa sarafu nzuri kwa sababu ya haraka ya sekunde tatu.

Dhahabu haina makuu, ila ikiwa safi sana ni laini, inakwaruzika. Zinki ndiyo mgonjwa: senti ya Marekani iliyotengenezwa baada ya 1982 ni zinki iliyovikwa shaba, ukiikwaruza tu, unyevu unaingia ndani na uso unatoka malengelenge.

Unyevu wa hewa ukae chini ya asilimia 50. Tupia vipakiti vya silika, vile vya kufyonza unyevu, kisandukuni, uvikaushe au uvibadilishe vikishiba. Usiweke darini, jikoni wala karibu na bafu. Sarafu ikitoka penye baridi kuingia penye joto, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto, umande ujikusanye nje ya mfuko.

Mimi pia huweka mlinzi: sarafu moja ya fedha iliyochakaa, niliyoing'arisha makusudi, inakaa bila kava ndani ya kila kisanduku. Huikagua kila baada ya miezi mitatu. Safari moja, sarafu mlinzi ya kisanduku cha pili ilianza kuwa ya njano wakati nyingine zote ni nyeupe. Nikatoa trei zote, na chini kabisa nikaukuta mpira wa kufungia noti, sijui uliingia lini.