Chuo chetu kinataka kuuza bia uwanjani, na mweka hazina ni mimi

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na ni mweka hazina wa klabu ya raga. Msimu huu kampuni ya bia inataka kuweka hema la kuuza pombe kwenye mechi zetu za nyumbani. Sehemu ya mauzo itabaki klabuni: nauli za mechi za ugenini, jezi, na karo ya wachezaji wawili waliokwama. Till namba ya klabu, ile ya kupokelea malipo ya simu, imesajiliwa kwa jina langu, na mkataba unataka sahihi yangu. Wenzangu wananiambia vijana wanakunywa vilevile, chupa zinaingia kwenye mabegi, heri wauziwe kwa utaratibu. Wanasema Marekani vyuo vinauza na fujo zimepungua. Je, nitie sahihi? Na nikikataa, naweza kuendelea kwenda uwanjani?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Mwanangu, sahihi usitie, na till yenye jina lako isipokee shilingi moja ya bia. Uwanjani nenda.

Uharamu wa pombe wenyewe siurefushi, kwa sababu hukuuuliza. Aya ya 90 ya Suratul Maida unaijua. Ulichouliza ni wapi mkono wako unaingia, na hilo limeelezwa wazi. Katika hadithi ya Anas bin Malik aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi katika pombe: anayeikamua, anayeomba akamuliwe, anayeinywa, anayeibeba, anayepelekewa, anayewanywesha wengine, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na yule ambaye inanunuliwa kwa ajili yake. Wahesabu tena. Mnywaji ni mmoja. Wale tisa yawezekana hawajaionja maishani mwao.

Sasa chukua simu yako. Jumamosi, nusu ya kwanza imekwisha, kijana amesimama hemani analipia bia mbili, na ujumbe wa malipo unaingia kwako. Huenda saa hiyo wewe uko msikitini. Fedha imeingia kwa jina lako, umeipokea, jioni utaigawa. Katika wale kumi umeshapata nafasi yako, pengine mbili.

Najua kinachokuuma ni karo ya wale wawili. Abu Talha, sahaba mkubwa, alimuuliza Mtume kuhusu mayatima waliorithi pombe. Aliambiwa aimwage. Akauliza: nisiifanye siki? Akajibiwa hapana. Imo katika Sunan ya Abu Daud. Fikiri ilikuwa mali ya nani. Qur'ani imemtisha kwa moto anayekula mali ya yatima kwa dhulma, na bado mali hiyo hiyo haikuokolewa hata kwa kugeuzwa siki. Kama shida ya yatima haikuihalalisha, nauli ya kwenda kucheza Kisumu haiwezi. Wale wachezaji wawili nitajie hali zao tukionana. Sadaka hutolewa hata kwa asiye Mwislamu, na wapo wafanyabiashara Eastleigh na South C ambao hawajaombwa tu.

Nisikufiche kwamba kuna khilafu, yaani tofauti ya wanazuoni, pembeni ya jambo hili. Imam Abu Hanifa alikuwa na kauli nyepesi kuhusu Mwislamu kumkodishia asiye Mwislamu nyumba katika vitongoji vya mji wa Kufa, Iraq, kisha huyo akauza pombe humo. Lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata, na sisi Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, huku kwetu hatuna njia hiyo. Isitoshe, yeye alizungumzia kodi ya nyumba. Wewe utakula asilimia ya kila chupa. Mtu asije akakuletea jina la Imam kukufungulia mlango ambao Imam mwenyewe hakuugusa.

Tuje kwenye hoja ya Marekani, maana wenzako si wajinga na hoja yao si ya kupuuzwa. Chuo Kikuu cha West Virginia kilianza kuuza bia katika uwanja wake wa futiboli ya Kimarekani mwaka 2011, na ni kweli kesi za polisi siku za mechi zilipungua. Ila kuna jambo linalosahaulika kusimuliwa. Msimu uleule chuo kilifuta ruhusa ya kutoka nje wakati wa mapumziko na kurudi. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitoka kwenda kwenye magari yao, wanakunywa za haraka haraka, wanarejea wamelewa. Sasa kilichotuliza uwanja ni bia au ni lango? Mimi naona lango lina haki ya kudai sehemu kubwa. Na lango hilo klabu yenu inaweza kulifunga bila hema lolote: mabegi yapekuliwe, na akitoka mtu, ametoka. Qatar nayo, siku mbili tu kabla ya Kombe la Dunia la 2022 kuanza, ilisema bia haitauzwa viwanjani. Mechi zilichezwa zote.

Kwamba pombe ina faida, Qur'ani haikukataa. Suratul Baqara, aya ya 219: ndani yake mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Hesabu ya mweka hazina imo ndani ya aya, pande zote mbili. Niliwahi kumngoja mpwa wangu nje ya uwanja mmoja kando ya Ngong Road, magharibi inakaribia. Kijana mwenye utepe wa kiingilio mkononi alikuwa ameinama kwenye mtaro, mwenzake amemshika kola ya jezi asitumbukie. Bodaboda watatu walisimama, wakamtazama, wakaenda zao. Wa nne alitaka alipwe kwanza. Hema ndani lilikuwa limeshafunga mahesabu yake, na yule kijana hakuwamo.

Chuo si chetu peke yetu, na sikuambii uende ukapindue meza. Lakini una haki ya kusema. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Waulize wenzako nani atakagua vitambulisho hemani, na mwaka wa kwanza wana miaka mingapi. Waulize hivyo ukiwa pamoja na Waadventista na vijana wa makanisa yasiyokunywa. Utashangaa mko wengi. Na akikuambia mtu kwamba cheo chako kinakulazimu kutia sahihi, ibara ya 32 ya Katiba inasema mtu hatalazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake.

Kuhusu kwenda uwanjani: Ibn Abbas amesimulia, kwa mapokezi ya Bukhari, kwamba Ukadh, Majanna na Dhul Majaz yalikuwa masoko ya zama za ujahili. Uislamu ulipokuja, Waislamu wakaona vibaya kufanya biashara huko, mpaka ikateremka aya kuwa si dhambi kutafuta fadhila ya Mola wenu. Mahali hapaharamiki pote kwa sababu ya uovu ulio kwenye kona moja. Hemani usikae, hata kwa soda. Mtume amekataza kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Kaa jukwaani, shangilia. Ila mechi zenu huanza saa kumi, na Alasiri ya Nairobi huingia karibu na hapo. Uswali kwanza, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo au popote penye nafasi.

Hukuuliza jezi, lakini litakuja, kwani kampuni ya bia haiishii hemani. Hashim Amla, Mwislamu mwenzetu, aliichezea kriketi Afrika Kusini bila nembo ya bia kifuani wakati wenzake wameivaa, na baadaye akawa nahodha wao. Aliomba, akakubaliwa. Na nyinyi ombeni mapema, kabla jezi hazijachapishwa.

La haraka ni ile till. Usingoje mkutano wa klabu: nenda kesho uanze kuihamisha, isomeke kwa jina la klabu na isiwe kwenye laini yako, kisha umwandikie mlezi wa klabu barua fupi kwamba mkataba huu hutautia sahihi na kwa nini. Ukitaka tuisome pamoja kabla hujaipeleka, pita msikitini siku yoyote baada ya Alasiri.

Wallahu aalam.