Jibu: Kreatinini ya mama iko sawa, je, figo ziko salama?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama kreatinini ya mama ikiwa sawa inatosha kukutoa wasiwasi wa figo, maana ana sukari mwaka wa tisa huu. Haitoshi. Kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, huchelewa kupanda. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu na karatasi ya maabara bado ikaonyesha kila kitu shwari. Tena mtu mzima aliyekonda, misuli imepungua, namba yake huwa ndogo hata figo zikiwa zimechoka. Waombe wamkokotolee eGFR, yaani kadirio la jinsi figo zinavyochuja damu, kwa umri na jinsia yake: ikikaa chini ya 60 kwa miezi 3, hapo pana jambo.

Lakini dalili ya mwanzo mara nyingi haimo kwenye damu, imo kwenye mkojo. Mpimeni albumini, protini inayovujia kwenye mkojo figo zikianza kuumia, kila mwaka, bora mkojo wa asubuhi. Uwiano wake na kreatinini ya mkojo huo ukifika 30 mg/g, rudieni kipimo, maana hata homa au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) huipandisha.

Na dawa nazo huweza kuumiza figo: mama yangu mie alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu ya aina hiyo, kwa ajili ya magoti kila usiku, za kununua dukani tu, na hakuna aliyemuuliza. Siku ya kliniki chukua vidonge vyake vyote kwenye mfuko, umwage mezani kwa daktari.