Kwa mnaoanza kutoa tafakari za Majilio na Noeli

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia ninyi mliochaguliwa mwaka huu kuongoza Neno katika jumuiya zenu, pamoja na makatekista wapya mtakaosimamia ibada za Dominika kwenye vigango ambavyo padre hafiki kila wiki. Homilia ndani ya Misa ni ya padre au shemasi. Lakini nyumbani kwa watu, siku ya jumuiya, na kigangoni padre asipokuwepo, waamini watawatazama ninyi. Na msimu mtakaoanza nao, yaani Majilio (kipindi cha Dominika nne za kungojea Noeli) na Noeli yenyewe, ni mgumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu kila mtu anaijua habari ya Noeli. Tunapoijua sana, tunaacha kuisoma.

Nilijifunza hilo mkesha wangu wa kwanza wa Noeli, kigangoni kwetu huku mlimani Kilimanjaro. Nilijiandaa wiki nzima. Nikazungumza karibu robo saa juu ya mwenye nyumba ya wageni aliyemfungia Bikira Maria mlango. Nilimpa sauti, nikampa ukatili, nikamfananisha na matajiri wasiotaka kusumbuliwa. Kanisa lilikuwa kimya, nami nikaona wameguswa. Tulipotoka, bibi mmoja mjane asiyejua kusoma akanishika mkono mlangoni. "Mwanangu, kesho nisomee tena pale yule mtu anapomfukuza Mama Maria. Leo sikupasikia."

Kesho yake baada ya ibada tukakaa kwenye benchi la nje, nikafungua Luka sura ya 2. Nikasoma kuanzia mstari wa 1. Nilipofika wa 7 nikasimama, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Mtu huyo hayumo. Luka anasema tu kwamba Maria alimlaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna aliyefukuza. Nilikuwa nimewahubiria watu maigizo ya watoto wa shule ya Dominika, na kwa robo saa nzima nilikuwa nimemsingizia mtu asiyekuwepo.

Bibi hakunilaumu. Alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe nyumba ilijaa tu. Kama kwetu Desemba."

Mnaotoka huku mnaelewa. Ikifika tarehe 20 mabasi yanashusha watoto na wajukuu kutoka Dar es Salaam, Arusha, hata Nairobi, na nyumba ya vyumba vitatu inalaza watu kumi na tano. Yeye alikuwa amezaliwa kwenye msonge, ng'ombe upande mmoja na watu upande wa pili, moto katikati. Akanieleza kwamba penye joto na majani makavu ndipo pa kumlaza mtoto mchanga, na kwamba mwanamke anayejifungua hawezi kuwekwa katikati ya wageni wanaume. Miaka kadhaa baadaye, kwenye semina ya makatekista, nilielezwa kwamba neno la Kigiriki alilotumia Luka hapo, kataluma, ndilo analolitumia tena sura ya 22 kwa chumba cha wageni Yesu alichokula Pasaka na wanafunzi wake. Nyumba ya kulala wageni ya kulipia, ile ya Msamaria mwema, ameiita kwa neno jingine kabisa. Bibi yule alikuwa ameshafika huko kwa kusikiliza mstari mmoja ukisomwa polepole.

Tangu hapo nina sheria moja, nayo ndiyo nataka kuwaachia: soma kilichoandikwa, usisome unachokikumbuka. Ng'ombe na punda wa pangoni hawamo katika Luka. Wametoka Isaya 1:3, na ni vizuri kuwaambia watu hivyo, maana aya ile inasema mnyama anamjua bwana wake kuliko Israeli. Matayo hasemi Mamajusi walikuwa watatu, anataja zawadi tatu, na anasema waliingia nyumbani. Simaanishi mbomoe pango la kanisani. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilitengeneza Greccio, Italia, mwaka 1223 ili watu waone kwa macho, nami nalipenda. Ila tafakari ianzie kwenye kitabu.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Kwanza jueni mko mwaka gani. Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu: A ni Matayo, B ni Marko, C ni Luka, na mwaka wa liturujia unaanza na Majilio, si Januari. Chukua mwaka wa kalenda unaofuata, ugawe kwa tatu. Ikibaki moja ni A, zikibaki mbili ni B, isipobaki kitu ni C. Majilio yanayoanza 29 Novemba 2026 yanahesabiwa kwa 2027, zinabaki mbili, basi ni Mwaka B. Nawaambia hivi kwa kuwa nimeshuhudia mtu akitoa tafakari nzuri sana ya Injili ambayo haikuwa ya siku hiyo.

Pili, msiwahishe Noeli. Hadi tarehe 16 Desemba Kanisa linatazama zaidi kurudi kwa Bwana. Kuanzia tarehe 17 ndipo linageukia kuzaliwa kwake. Dominika ya kwanza haina mtoto wala malaika, ina kukesha. Ya pili na ya tatu ni za Yohane Mbatizaji. Mkikimbilia Betlehemu tangu mwanzo, mtamnyima Yohane Dominika zake mbili, na Yohane ana mambo.

Katika Mwaka A, Dominika ya pili Yohane yuko jangwani, shoka limewekwa penye shina la mti, makapi yanangoja moto. Dominika ya tatu, ile ya furaha ambayo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi, mtu huyohuyo yuko gerezani anatuma kuuliza: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hajibu ndiyo wala hapana. Anaorodhesha: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Fungueni Isaya 35, ambayo ndiyo Somo la Kwanza siku hiyo, halafu Isaya 61. Mtaona maneno mengi yametoka huko. Lakini Isaya 61 ina kitu ambacho Yesu hakukitaja: waliofungwa kufunguliwa. Yohane, anayeyajua maandiko, yuko gerezani, anapelekewa orodha ambayo yeye mwenyewe hayumo. Kisha anaambiwa, heri asiyechukizwa nami.

Niliposoma hivyo jumuiyani, mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mahabusu kwa miezi saba akasema, "Kwa hiyo Yohane hakutoka." Nikamwambia hakutoka. Akakaa kimya, akasema, "Lakini alijibiwa." Sikuongeza neno. Mvua ilikuwa inapiga mabati, tukakaa hivyo mpaka mwenyekiti akaanzisha sala. Nawaomba sana, jambo kama hilo likitokea msilifunike kwa maelezo. Wanaotumia zile hatua saba za kushirikishana Injili wanajua kwamba kimya ni hatua kamili, ila viongozi wapya huwa tunaikata kwa kuogopa.

Na msimgeuze Yohane kuwa mtoza michango. Desemba ni mwezi wa madeni ya jumuiya, zaka na michango ya sikukuu, na kishawishi cha kutumia "uzao wa nyoka" kwa wasiolipa ni kikubwa. Katika Luka sura ya 3, Injili ya Mwaka C, watu wanamuuliza tufanye nini, naye anajibu kwa vitu vya mkononi: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe kiwango, askari asimdhulumu mtu na atosheke na mshahara wake. Hamwambii yeyote aache kazi. Waachieni watu wayatafute majibu ya kazi zao wenyewe: wa bodaboda, wa duka, wa ofisi ya kijiji.

Tarehe 17 Desemba ni ukoo wa Yesu katika Matayo. Msomaji ataomba mtu mwingine asome. Mkalishe siku moja kabla, asome kwa sauti mpaka Shealtieli na Zerubabeli walainike mdomoni. Waambie wazee wasikilize kama wanavyosikiliza ukoo unapotajwa msibani, na wataona wanawake: Tamari, Rahabu, Ruthu Mmoabu, na yule ambaye Matayo anamwita tu mke wa Uria. Kila mmoja ana habari ambayo familia nyingi zingeificha. Kisha wasikilize mwisho, pale "akamzaa, akamzaa" inapokatika: Yakobo akamzaa Yosefu, mumewe Maria, ambaye kwake alizaliwa Yesu. Yosefu hapewi kitenzi hicho. Hapo pekee panatosha tafakari ya jioni.

Siku za baada ya Noeli kanisa huwa tupu. Stefano tarehe 26 na Watoto Mashahidi tarehe 28 hupita bila watu. Fanyeni kwa hao watatu watakaokuja.

Dakika saba zinatosha. Papa Fransisko, katika wosia wake Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, aliwataka hata mapadre wahubiri kwa ufupi, sembuse sisi.

Kazi ya kuanzia ni Injili ya Dominika ya kwanza, Marko 13:33-37. Ni mistari mitano. Isomeni Jumatatu kwa sauti, mara tatu, kabla ya kufungua kitabu kingine chochote. Yesu anataja saa nne ambazo mwenye nyumba anaweza kurudi: jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo, asubuhi. Ziandikeni kwenye daftari, kila moja mstari wake, kisha nendeni Marko 14 na mwanzo wa 15, mwangalie nani alikuwa anafanya nini saa hizo.