Mount Gelai iliwahi kufufuliwa

Kuna wanaosema vichwa vya treni vya mvuke pale Makumbusho ya Reli Nairobi ni mabaki ya kupigia picha tu. Hapana ndugu, si vyote. Namba 5918, Mount Gelai, ilikarabatiwa ikatembea tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 3020 Nyaturu nayo imeshawahi kuwashwa. Iliwezekana kwa sababu uwanja wa makumbusho uliunganishwa na reli za stesheni ya Nairobi, kwa hiyo kichwa kikipona kinatoka kwa magurudumu yake, hakibebwi na lori.

Hiyo 5918 ni Garratt (aina ya kichwa cha mvuke chenye viungo) ya daraja la 59, kazi ya kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza. Boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) moja kubwa katikati, injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikijipinda kivyake. Ndiyo maana dude la tani 250 hivi liliweza kukata kona za njia ya Mombasa. Nimepanda hadi chumba cha dereva, na ukisimama mbele ya lile tanuri (lilichoma mafuta mazito, si makaa) unawaheshimu waliofanya kazi humo.

Ila siku ya kawaida utavikuta vichwa hivyo vimepoa. Kuamsha boila la ukubwa ule huchukua saa nyingi.